Sura ya Tano: Picha Zisizo na Steringi

Kila kibanda umiza nilichowahi kuingia Tanga kilikuwa na swali lake la kufungulia. Mkanda ukianza tu, kabla majina hayajamaliza kupita, mtu wa benchi la nyuma atauliza, "Steringi yupi?" Mwenye kujua atanyoosha kidole, na ukumbi mzima utatulia. Steringi akishajulikana, kazi ya kutazama imekwisha nusu. Waliobaki ni maadui, pamoja na rafiki mmoja wa steringi ambaye sharti afe katikati ili steringi apandwe na hasira, na msichana ambaye sharti atekwe. Steringi hafi. Ukiona amekufa, ujue kuna sehemu ya pili.

Nimelelewa humo na siwezi kuitukana nyumba iliyonilea. Baadaye walikuja watafsiri wakaongeza utamu. Kwetu ilikuwa sauti ya Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo, na kila mmoja ana namna yake ya kumchukua askari wa Hong Kong akamgeuza kijana wa mtaa wa pili. Mtafsiri hodari haishii kwenye yale yanayosemwa. Anampa adui jina la utani, anamwonya steringi kwamba nyuma yake kuna mtu, anagombana na mhusika aliyefanya upuuzi. Lakini yuko adui mmoja asiyemweza, naye ni ukimya. Picha ikinyamaza sekunde kumi, lazima atie neno. Ikinyamaza dakika nzima, ataanza kukutajia namba ya duka lake. Ndiyo maana kwa miaka yote hiyo sijasikia mtu aliyetafsiri picha ambayo kilele chake ni mzee kumenya tunda.

Picha hiyo ipo na nitaifikia. Sura hii ni ya picha za namna hiyo: drama tulivu ambamo hakuna anayepigwa, na vichekesho vya mapenzi ambamo hakuna anayekimbia uwanja wa ndege kumzuia mpenzi asipande ndege. Ukienda kwa kijana wa kujaza muvi kwenye flashi, hakuwekei hizi mpaka umtajie jina, na ukimtajia anakutazama kama mtu aliyeulizia dawa ya ugonjwa asioujua. Rafiki zangu wengi wanaziita picha za kulalia. Mimi naona wanajisahau. Mtu aliyekulia uswahilini, ambako shangazi anaweza kumaliza ugomvi wa miezi mitatu kwa kuvaa kanga moja tu na kupita nayo uani, hana haja ya kufundishwa kusoma jambo lisilotamkwa. Amelisoma tangu utotoni. Picha hizi zimeandikwa kwa lugha hiyo hiyo, ingawa wahusika wake wanaongea Kijapani.

Nianze na India, maana wengi tulianzia huko. Bibi zetu walimlilia Raj Kapoor katika Awara ya mwaka 1951 bila kujua neno la Kihindi. Kwa hiyo nikimwambia mtu kuwa ipo picha ya Kihindi ya 2013 iitwayo The Lunchbox, huwa anasubiri nyimbo. Hakuna anayecheza. Hakuna mvua inayomlowesha mwanamke mlimani. Kuna chakula cha mchana kilichopotea njia, basi.

Jijini Mumbai wapo watu wanaoitwa dabbawala, wenye kofia nyeupe, na kazi yao imekuwepo tangu 1890. Asubuhi wanapita majumbani kuchukua chakula kilichopikwa na mke au mama, kikiwa ndani ya vibakuli vya bati vinavyopandana, wanakibeba kwa baiskeli na treni hadi kwenye meza ya mlaji ofisini, na jioni wanarudisha vyombo vitupu. Kabla ya janga la korona walikuwa wakitajwa kuwa kama 5,000, wakipeleka milo karibu 200,000 kwa siku, na mwongozo wao ni alama za rangi na herufi zilizochorwa juu ya kifuniko. Sifa yao ni kutokosea. Mwongozaji Ritesh Batra alitaka kutengeneza filamu ya maisha yao halisi. Akaishia kuandika hadithi ya kubuni kuhusu kosa lao moja, ikawa filamu yake ndefu ya kwanza.

Ila, anayeigizwa na Nimrat Kaur, ana mume ambaye amekoma kumtazama. Anaamua kumrudisha kwa sufuria. Msaidizi wake ni mama mmoja wa ghorofa ya juu, Auntie Deshpande, ambaye hatumwoni hata mara moja mpaka picha inakwisha. Tunaisikia sauti yake dirishani, na tunaona kikapu chake kikishuka kwa kamba kikiwa na viungo. Kwa maoni yangu huyu ndiye mhusika hodari kuliko wote, na sura yake hata sijui ikoje. Chakula kinaondoka, vyombo vinarudi vimelambwa, Ila anafurahi. Jioni mume anarudi na kusifia koliflawa. Ila hakupika koliflawa.

Mlaji ni Saajan Fernandes, mhasibu mjane aliyekaribia kustaafu, mtu ambaye hata watoto wa jirani wakipoteza mpira kwake hawarudishiwi. Anaigizwa na Irrfan Khan. Tazama anavyofungua kile chombo kwa mara ya kwanza: anakigusa, ananusa, anasita kidogo kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali asipotegemea, halafu anakula. Hakuna neno. Ningekuwa mwalimu wa uigizaji ningewaonyesha wanafunzi kipande hicho wiki nzima na kuwakataza kusema chochote.

Kesho yake Ila anatia kikaratasi ndani ya chombo kueleza kosa na kushukuru kwa vyombo vilivyorudi vitupu. Jibu la kwanza la yule bwana, barua ya kwanza katika mapenzi haya, linalalamika kuwa chumvi imezidi. Niliposoma maandishi ya chini mahali hapo nilicheka peke yangu, maana nawajua wanaume wa aina hiyo. Kwetu mwanamume akisema chumvi imezidi, huenda ni kweli imezidi, huenda ana jambo jingine rohoni, au hana namna nyingine ya kusema kuwa siku hizi anasubiri saa ya kula. Auntie wa juu anajua dawa: pilipili. Kesho yake Saajan anakula huku anatokwa jasho, kisha anateremsha kwa ndizi mbili.

Barua zinaendelea, na kila siku zinasogea hatua moja. Wanaelezana habari za marehemu mke, za mtoto, za mzee aliyezirai miaka mingi, za mwanamke aliyejirusha ghorofani. Anaingia pia kijana Shaikh, anayeigizwa na Nawazuddin Siddiqui, aliyeletwa kurithi meza ya Saajan. Anakatakata mboga ndani ya treni juu ya mafaili ya ofisi, na mafaili yananuka vitunguu. Kisha wanapanga kuonana mgahawani. Sitasimulia kinachotokea pale, ila nitasema kwamba kinasababishwa na harufu aliyoisikia mtu bafuni kwake asubuhi, na kwamba sijawahi kuona uzee ukiingia ndani ya mtu ghafla namna ile.

Picha hii ilionyeshwa Cannes mwaka 2013 ikapendwa, lakini kamati ya India ikachagua nyingine, The Good Road, kuiwakilisha nchi kwenye Oscar, na makelele yakawa mengi. Irrfan alifariki Aprili 2020 akiwa na miaka 53. Magazeti mengi yaliandika kuhusu filamu zake za Hollywood. Mimi usiku ule nilirudia ya vibakuli.

Kama The Lunchbox ilikuingia, nenda New York ya 1988 ukatazame Crossing Delancey ya Joan Micklin Silver. Nasema bila kusita kuwa hiki ndicho kichekesho cha mapenzi cha Kimarekani kilicho karibu zaidi na desturi zetu, kwa sababu kina mshenga. Isabelle ana miaka thelathini na kitu, anafanya kazi kwenye duka la vitabu la watu wa maana, anaalika waandishi, anavaa vizuri, na anaona maisha yake yamekamilika. Bibi yake, Myahudi wa mji wa chini, haoni hivyo. Anamwita mwanamke wa kuunganisha ndoa, anamlisha akashiba, na mwanamke anatoa picha ya mchumba: Sam, muuza achari. Si mwenye kiwanda cha achari. Ana kibanda, mapipa ya matango, na mikono inayonuka siki.

Aibu ya Isabelle naijua vizuri, na nadhani wasomaji wengi wanaijua. Umesoma, umehama, umepanga chumba upande ule wa mji wenye miti, halafu nyumbani wanakutafutia kijana wa sokoni na wanakuuliza kwa upole ana ubaya gani. Kule juu, kwenye duka la vitabu, yupo mwandishi Mzungu wa ng'ambo mwenye sauti nzito, anayemsomea maneno mazuri. Picha inatuacha tupime wenyewe. Sam haji na maneno. Siku moja anamtumia kofia. Na jioni, akifunga kazi, anatumbukiza mikono kwenye vanila na maziwa ili harufu ya siki imtoke. Anaitaja habari hiyo kama mtu anayeeleza kazi yake ilivyo, hana mbwembwe, na ndipo unapoelewa kuwa huyu mtu amekuwa akijiandaa kushikwa mkono na mtu ambaye hajampata. Waigizaji ni Amy Irving na Peter Riegert, lakini anayeiba picha ni bibi, Reizl Bozyk, aliyetoka kwenye jukwaa la michezo ya Kiyidi. Anamfanya bibi awe mlaghai kidogo, na hivyo ndivyo bibi wa kweli walivyo.

Sasa tunda. Mwaka 1949 Yasujiro Ozu wa Japani alitoa picha ambayo kwa Kiingereza inaitwa Late Spring. Profesa mjane anaishi na binti yake Noriko, mwenye miaka 27, mjini Kamakura. Wanaishi vizuri, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu binti hataki kuolewa akamwacha baba peke yake, na baba anajua kuwa yeye atakufa mbele na binti atabaki na nyumba tupu. Shangazi anaingia. Kila picha nzuri ya namna hii ina shangazi. Baba anatunga uongo mmoja tu, kwamba yeye mwenyewe anataka kuoa tena, na uongo huo unamvunja binti moyo ukamfungulia mlango.

Ozu alikuwa akiweka kamera chini, kimo cha mtu aliyekaa juu ya mkeka. Wataalamu wamejaza vitabu kueleza sababu. Mtu wa pwani aliyewahi kukaa jamvini kwenye maziko au maulidi hahitaji kitabu: ukiwa chini, watu hukaa nawe, hawapiti mbele yako kama picha za barazani. Na sikiliza ajabu hii: picha nzima inahusu ndoa, lakini bwana harusi hatumwoni hata kisogo, wala arusi yenyewe hatuioni. Tunamwona Noriko amevaa nguo za arusi, anaaga. Halafu chumba chake kitupu. Halafu baba amerudi usiku, amekaa peke yake, anamenya tofaa. Ganda linarefuka, mkono unasimama, kichwa kinainama. Mwigizaji Chishu Ryu alisimulia baadaye kuwa Ozu alimtaka alie hapo, naye akasema hawezi. Akainamisha kichwa, basi. Nimewaonyesha watu wengi kipande hicho na wapo waliouliza imekwisha. Yupo mwingine, baba wa mabinti watatu, ambaye alitoka nje kuangalia kama geti limefungwa. Lilikuwa limefungwa tangu magharibi.

Huyo Noriko ni Setsuko Hara, aliyeacha filamu akiwa bado anapendwa na kujifungia maisha yake yote yaliyobaki. Ozu alifariki Desemba 12, 1963, siku aliyotimiza miaka 60. Lakini picha yake ilizaa mtoto mweusi huko Paris, na huyo ndiye ninayempenda zaidi.

Mfaransa Claire Denis alikulia Kameruni na sehemu nyingine za Afrika. Mwaka 2008 alitoa 35 Rhums, hadithi ile ile ya baba na binti, safari hii kwenye jengo la vyumba vya kupanga, ambako karibu wote tunaowaona ni weusi na hakuna anayelieleza jambo hilo. Lionel anaendesha treni za abiria. Binti yake Joséphine anasoma. Picha inaanza na reli tu, dakika nyingi za reli zinazoingia giza, na hapa nakuomba usiguse simu. Jioni binti anapita dukani ananunua sufuria ya umeme ya kupikia wali. Anafika nyumbani, baba anaingia, naye ameleta sufuria kama hiyo hiyo, kwa sababu alikuwa ameombwa na hakusahau. Binti anaificha ya kwake. Anafungua ya baba, anapikia, wanakula. Hakuna mtu anayesema "nakupenda baba" katika picha hii, na ukiliona sanduku lile likiwekwa pembeni halijafunguliwa, hutalisubiri neno hilo.

Katikati kuna usiku wa mvua. Gari la jirani yao, mama dereva wa teksi ambaye zamani alikuwa na jambo na Lionel, linazimika njiani. Wanabisha hodi kwenye mgahawa uliofungwa, mwenyewe anawafungulia, anawapikia, muziki unawashwa. Baba anacheza na binti. Kisha kijana wa ghorofa ya juu anasogea, na baba anamwachia. Kamera inakaa usoni mwa Alex Descas, anayeigiza baba, na mtu ambaye amewahi kumkabidhi binti ukumbini atajua kilichopita pale. Halafu baba yule yule anainuka kucheza na mwenye mgahawa, na yule dereva wa teksi anatazama. Watu watano, wimbo mmoja, na hakuna sentensi. Mtafsiri wetu angefanya nini hapo? Joséphine ni Mati Diop, ambaye baadaye alikaa nyuma ya kamera mwenyewe, akatengeneza Atlantique kwa Kiwolofu huko Dakar na kuchukua Tuzo Kuu ya Cannes mwaka 2019.

Nisije nikakufanya udhani utulivu ni lazima uwe wa huzuni. Claudine ya mwaka 1974 ina kelele za watoto sita, na bado naiweka kwenye kundi hili. Claudine anaishi Harlem, anafanya kazi za ndani kwa Wazungu kwa siri, maana anapokea fedha za msaada wa serikali na zikijulikana zile za kazini atakatwa. Roop ni mzoa taka. Wanapendana. Shida ni kwamba serikali nayo iko kitandani: afisa wa ustawi akija kukagua, watoto wanatawanyika kuficha chochote kinachoonekana cha anasa, na mwanamume ndani ya nyumba anahesabiwa kama mali, zawadi anazoleta zinatolewa kwenye posho. Kichekesho cha mapenzi ambamo kizuizi ni fomu! Siku ya kwanza Roop anamchukua Claudine kwake, na kitu cha kwanza anachofaidi mama wa watoto sita ni kuoga bila mtu kugonga mlango.

Claudine ni Diahann Carroll, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo. Nafasi ilikuwa ya rafiki yake Diana Sands, ambaye aliugua saratani na kumpendekeza yeye kabla ya kufariki. Roop ni James Earl Jones. Sauti hiyo unaijua hata kama hujui: ndiyo sauti ya Mufasa, baba yake Simba. Watoto wetu wamemlilia akianguka korongoni, lakini wachache wamewahi kumwona akiwa kijana mnene kidogo, mcheshi, akiogopa watoto wa mwanamke anayempenda. Muziki wa Curtis Mayfield umeimbwa na Gladys Knight na wenzake, na kwa hiyo tu ingetosha.

Jiddah nitaipita haraka. Barakah Meets Barakah ya Mahmoud Sabbagh ilitengenezwa mwaka 2016, wakati Saudia haikuwa na majumba ya sinema ya umma. Mfanyakazi wa manispaa aitwaye Baraka anampenda binti maarufu wa mitandaoni, ambaye jina lake halisi nalo ni Baraka, na mji mzima hauna hata kiti kimoja wanachoweza kukaa wawili bila mtu kuuliza. Kuna masihara mengi mazuri, pamoja na yule mfanyakazi wa manispaa kupewa nafasi ya Ofelia katika Hamlet. Nusu ya mwisho inapwaya. Itazame tu.

Na za kwetu? Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021) imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi tuliisoma shuleni, na waliotaka riwaya yote ukurasa kwa ukurasa waliondoka wamenuna. Mimi sikununa. Shivji amekata maneno mengi ya Denge na Yasmin akaacha Unguja ya miaka ya hamsini iongee kwa vichochoro, taa za kandili na nyuso zinazokaa gizani kidogo kuliko tulivyozoea. Kati Kati ya Mkenya Mbithi Masya, ya 2016, ina dakika kama 75 tu: msichana anaamka porini hakumbuki chochote, anaona kambi ya wageni, na wenyeji wake wanamweleza kwa adabu kuwa amekufa. Kutoka hapo ungetegemea majini. Kinachokuja ni maongezi ya watu wenye madeni ya moyo.

Halafu Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018. Naiweka mwisho kwa sababu inanirudisha kibandani. Jo ana miaka tisa, anaumwa, na mama yake anamtoa hospitali amrudishe kijijini, kwa sababu hospitali haina tena la kufanya. Jo anachotaka ni kuwa shujaa wa sinema, na kijijini yupo mtu anayeonyesha picha za kung-fu huku akizitafsiri kwa mdomo, kama walivyokuwa wetu. Kijiji kinakubaliana kumdanganya mtoto kuwa ana nguvu. Wanaigiza magari yanayosimama kwa mkono wake. Sijui picha nyingine iliyoipenda kelele ya kibanda umiza kiasi hiki na bado ikajua lini inyamaze. Mama, mkunga wa kijiji, hataki kushiriki mchezo, na muda mwingi tunamwona tu mgongo, akifua au akipanga nguo. Na swali lile la benchi la nyuma limejibiwa mapema: steringi ni Jo.

Mwaka juzi nilimwekea shangazi yangu The Lunchbox. Ana miaka sabini na ushei, hasomi maandishi ya chini, na Kihindi chake kiliishia kwenye nyimbo. Nikasema nitamtafsiria. Nikakaa karibu ya runinga nikaanza kazi: "Huyu ndiye Ila. Huyu mumewe. Sasa anaandika barua." Nilijitahidi, nikatia na vionjo kidogo. Saajan alipofungua chombo akanusa, nikasema, "Amesikia harufu, ameshangaa."

"Namwona," akasema shangazi.

Nikaendelea. Ila akasimama dirishani kusikiliza sauti ya juu. Nikaeleza kuwa yule mama wa juu ana mume aliyelala miaka mingi, hasemi, anatazama feni ya darini mchana na usiku, na mkewe hathubutu kuizima.

"Mwanangu, nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Barua nyingine zilipita bila mimi, na pale mgahawani sikutafsiri hata neno. Alikaa mbele kidogo ya kiti, kidole mdomoni, kama anavyokaa msibani akisikiliza wasifu wa marehemu. Alimuuguza mumewe miaka mitatu kwenye chumba kile kile tulichokuwa tumekaa, kabla hatujakigeuza sebule. Picha ilipokwisha, mahali ambapo kila mtu niliyewahi kumwonyesha huuliza kama Ila na Saajan walikutana au hawakukutana, nilijiandaa na jibu langu.

"Yule mzee wa ghorofani," akasema, "nani anamgeuza ubavu?"

Nikamwambia picha haikuonyesha. Akaguna, akainuka kwenda kutazama wali jikoni.